Kabla hujaniuliza mpini upi bora

Ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote una maneno manne: "Fundi, mpini upi bora?" Mara nyingi umefuatana na picha ya kisu cha mtu mwingine, mpini una mabaka ya kila rangi, shaba inang'aa kama imelambwa. Zamani nilikuwa najibu kwa kutaja mbao. Siku hizi nami nauliza: kisu chako kikimaliza kazi kinalala wapi?

Wengine hudhani nawafanyia mzaha. Lakini huu ni mwaka wa kumi na saba natengeneza visu kwa mkono, baada ya miaka mingi ya useremala, na visu vinavyonirudia karakanani karibu vyote havirudi kwa ajili ya makali. Makali mtu hunoa mwenyewe. Vinarudi kwa sababu mpini umelegea, umepasuka, umefanya weusi, au una harufu ambayo mwenyewe anaona haya kuitaja. Nikiufungua nakuta habari ileile: maji yalipata mlango. Mbao ilikuwa nzuri na chuma kilikuwa kizuri, ila mshono ulikuwa wazi.

Kwa hiyo maswali yenu nitayajibu nikiwa nimesimama hapohapo penye mshono. Uzuri tutauzungumza, lakini utasubiri zamu yake.

Tuelewane kwanza majina. Bapa la kisu halikomi pale mpini unapoanza. Linaendelea kwa mkia wa chuma, na mkia huo ndio msuka. Msuka ukiwa mpana sawa na mpini wenyewe, tunaubana katikati ya vibao viwili, na ukipitisha kidole mgongoni mwa mpini unakigusa chuma. Msuka ukiwa mwembamba, unazama ndani ya kipande kimoja cha mbao au pembe na hauonekani. Noleo ni ile pete au kipande cha chuma kinachoshika mdomo wa mpini, pale bapa linapotokeza. Pini ni fito ndogo za chuma zinazopita kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Wengine huziita ribiti. Kwangu ribiti ni ile inayogongwa nyundo mpaka kichwa kitanuke, lakini kwa hilo sigombani na mtu.

"Msuka mpana au wa kuzama, upi una nguvu?"

Kwa kisu cha kupasulia na kugongewa, chagua mpana. Hata vibao vikivunjika vyote viwili, bado umeshika chuma. Ila hesabu mshono. Kibao chenye urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 2.5 kina mzunguko wa sentimita 29, na vibao ni viwili. Hapo una zaidi ya nusu mita ya mahali ambapo maji yanaweza kujaribu bahati yao. Msuka wa kuzama una mshono mmoja tu pale mdomoni, mzunguko wake sentimita tano hivi. Ni rahisi kuuziba vizuri. Lakini huo mmoja ukivuja, maji hushuka shimoni na hayana pa kutokea, na wewe hutajua mpaka siku bapa linapocheza.

Kisu chepesi cha kazi ndogondogo nakipa msuka wa kuzama bila wasiwasi. Kisu cha mtu asiyejua kukausha vitu nakipa mpana, kwa sababu uharibifu wake unaonekana mapema.

"Mbao gani?"

Hapa ndipo watu wanapotaka nikae, basi nikae.

Mbao ni fungu la mirija. Hunywa maji kwa kichwa, yaani pale ilipokatwa kuvuka nyuzi, kuliko kwa ubavu. Ikinywa hutanuka upande wa upana na unene. Kwa urefu haiendi kokote pa kutaja. Chuma kilicho katikati yake hakitanuki kwa unyevu hata chembe. Sasa umegundisha pamoja kitu kinachopumua na kitu kisichopumua, kisha unategemea waishi kwa amani.

Mwaka wa tatu wa kazi hii nilituma kisu kwa mteja anayeishi mahali pakavu kuliko kwangu. Mbao niliinunua kwenye rundo, juu ilikuwa kavu, nikaamini na ndani ni vivyo hivyo. Baada ya miezi miwili akaniandikia: "Fundi, kisu chako kimeota meno." Vibao vilikuwa vimesinyaa, pini zikachomoza ubavuni, na ukingo wa msuka ukawa unamkwaruza kiganja. Nilikirudisha kwa gharama yangu, nikasaga pini na msuka vikalingana na mbao. Tangu hapo kila kipande cha mbao kinachoingia karakanani napima uzito kwenye mizani ndogo ya jikoni na kuandika gramu kwa penseli ubavuni pamoja na tarehe. Kila wiki napima tena. Uzito ukikaa palepale kwa wiki tatu mfululizo, mbao imeshazoea hewa ya hapa, na ndipo naitia msumeno. Vipo vipande vyenye safu ndefu ya tarakimu kama daftari la mkopo. Ukitaka kujitengenezea mpini mwenyewe, anza na mizani, si na msasa.

Mpingo ndio mnaouliza sana, na mna haki. Ukikauka una gramu 1.2 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kipande chake ukikitia majini kinazama. Nyuzi zake zimebanana kiasi kwamba ukiung'arisha vizuri hauhitaji vanishi. Una mafuta yake wenyewe, na mafuta hayo yanakinga maji lakini yanaipinga gundi vilevile. Upande wa ndani wa kibao lazima upanguswe kwa asetoni, kimiminika kikali kinachoondoa mafuta, dakika chache kabla ya kugundisha, si jana yake, maana mafuta hupanda tena. Adui yake mkubwa ni joto. Ukiusaga kwa mashine ya kasi bila kupumzika hupata nyufa nyembamba kama unywele ambazo utaziona wiki ijayo, baada ya mteja kuziona. Na kwa wanaoagiza kutoka nchi nyingine: tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2019 kanuni zililegezwa kwa bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa mzigo, kwa hiyo kisu kimoja kwa kawaida hakina shida, lakini nchi inaweza kuwa na sheria yake kali zaidi. Uliza forodha ya kwenu kabla hujanilipa.

Mninga ni mwepesi, karibu nusu ya uzito wa mpingo, na sifa yake ninayoipenda ni utulivu: unasinyaa kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingi. Kwa kisu cha kutumika kila siku, nikiachiwa kuchagua, mara nyingi nachukua huo. Ukidondoka juu ya sakafu utapata kovu, sawa, mpini usio na kovu haujafanya kazi. Mtiki unavumilia maji vizuri, ila una chembe ndani zinazoua makali ya zana zangu na una mafuta kama mpingo. Mzeituni ni mzuri wa kutazama lakini usiponyooka nyuzi hupinda kama unavyotaka wenyewe.

Kuna mbao iliyonyweshwa resini, yaani utomvu wa kiwandani unaoganda ukawa mgumu. Mbao kavu kabisa inazamishwa ndani ya resini, hewa yake inavutwa kwa pampu, resini inaingia mahali hewa ilipotoka, kisha inaiva kwenye tanuri la nyuzi 90 hivi za selsiasi. Hufaa kwa mbao laini zenye mabaka mazuri, hata zile zilizoanza kuoza kidogo, ambazo bila hivyo zingekuwa kuni. Mara kwa mara mtu hunilipia kunywesha mpingo. Pesa yake namrudishia. Mpingo umejaa tayari. Resini haina pa kuingia.

Jambo moja kabla sijaiacha mbao: vumbi lake. Miti mingi migumu ina vumbi linalowasha ngozi na kubana kifua, na mwili unaweza kuvumilia miaka kisha siku moja ukakataa. Wangu ulikataa mwaka wa tisa, macho yakavimba kama nimepigwa. Vaa barakoa yenye kichujio, si kitambaa.

"Nataka pembe. Au mfupa."

Pembe ya ng'ombe, nyati au kondoo ni kitu kilekile kinachofanya kucha zako. Inavutia, inapata joto la mkono haraka, na ukiipasha joto inalainika na kunyooshwa kwa jiliwa. Ndiyo hiyohiyo sababu ya kuiogopa: kilichonyooshwa kwa joto hukumbuka kilivyokuwa. Kibao cha pembe kilichoachwa juani nyuma ya kioo cha gari kinanyanyuka ncha zake kama jani kavu, na gundi haiwezi kukizuia.

Halafu kuna wadudu. Nilikuwa na vipande sita vya pembe nzuri ndani ya droo, nimevifunga kwa gazeti. Nilipovifungua baada ya mwaka, vitatu vilikuwa na mifereji kama ramani ya mito. Ni mbawakawa wadogo wanaokula ngozi, manyoya na pembe. Mpini unaoshikwa kila siku hawaugusi. Wanautaka ule uliosahauliwa. Kwa hiyo kisu cha pembe usikinunue cha kuweka kabatini.

Pembe zenye matawi za kulungu wa nchi za baridi si pembe kwa maana hiyo, ni mfupa. Huanguka kila mwaka na kuota upya. Katikati zina sifongo, na sifongo hilo lisipojazwa gundi nyepesi litanywa maji. Mfupa wa kawaida ni vivyo hivyo: mgumu nje, una vinyweleo, hupasuka karibu na tundu la pini kama mtoboaji ana haraka.

Pembe za ndovu, hapana. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku chini ya mkataba huohuo mwaka 1989. "Nilirithi kwa babu" si karatasi. Usinitumie picha.

"Kuna mpini usioharibika?"

Upo wa karibu na hapo. Micarta ni tabaka za kitambaa au karatasi zilizoshindiliwa pamoja na resini kwa joto. Kampuni ya Westinghouse ya Marekani ilianza kuitengeneza kama mwaka 1910 kwa ajili ya vifaa vya umeme, visu vilikuja baadaye. G10 ni nyuzi za kioo na epoksi, resini inayotumika pia kama gundi. Zote mbili hazinywi maji ya kutajika, hazisinyai, na wadudu hawana habari nazo. Ukiniambia kisu kitakaa kwenye ndoo, kwenye mashua, au mikononi mwa watu kumi tofauti, nakupa moja kati ya hizi, na sitakubembeleza.

Micarta ya turubai usiing'arishe. Iishie kwenye msasa namba 220 au 320, ndipo inashika mkono uliolowa. Ikipigwa mng'aro inateleza, na umeilipia bure. G10 ni ngumu zaidi na ina gramu 1.8 hivi kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo kisu kinakuwa na mkia mzito. Vumbi lake ni kioo; ukilisaga bila barakoa na bila maji unajitafutia.

Kisu changu mwenyewe cha kila siku kina mpini wa micarta ya turubai, kahawia, hauna uzuri wowote. Wateja wakikiona hunitazama kama nimewaficha kitu.

"Pini za shaba au za chuma?"

Kwanza, pini hazishiki mpini peke yake, na gundi haishiki peke yake. Gundi huziba na kushikilia. Pini huzuia vibao visiteleze kisu kikipigwa au kikianguka. Fundi anayekuambia "hii gundi haihitaji pini" labda ni kweli kwa miaka mitatu. Mimi naweka mbili au tatu za milimita 5 au 6, na tundu la mwisho haliko karibu zaidi ya sentimita moja na robo na ncha ya kibao, maana hapo ndipo mbao hupasuka.

Shaba ya njano ni laini kufanyia kazi na inapendeza na mbao nyeusi. Shaba nyekundu hubadilika haraka, ndani ya wiki moja ya kushikwa imekuwa kahawia. Wapo wanaoipenda hivyo na wapo wanaonipigia kudai nimewauzia bandia. Ile nyeupe inayoitwa fedha ya nikeli haina fedha hata chembe, ni shaba nyekundu, nikeli na zinki. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu kutoboa na kusaga, kinapata moto haraka na kuchoma gundi na mbao zilizokizunguka ukikibana kwenye mashine, lakini ukimaliza umemaliza. Kwa maji ya chumvi chukua hicho.

Shaba na ala ya ngozi ni ndoa mbaya. Mafuta na asidi za ngozi hushambulia shaba, na baada ya miezi utakuta ute wa kijani umejaa penye noleo na pini. Hauharibu kisu papo hapo, unapanguswa, ila hurudi. Na unyevu uliomo kwenye ngozi unashika bapa vilevile. Ala ni ya kusafiria. Nyumbani kisu kikae nje ya ala, na hapo unaona kwa nini niliuliza kinalala wapi.

Zile pini za maua, zenye picha ndani, ni mrija wa shaba uliojazwa vijiti na mirija midogo kisha ukamiminiwa epoksi. Naweka moja katikati mtu akitaka, na mbili ngumu kabisa kwenye ncha zifanye kazi.

Tundu la kamba mwishoni mwa mpini lazima liwe na mrija wa chuma ndani. Bila mrija umetoboa kisima katikati ya mbao, kamba mbichi inakijaza kila siku.

"Na noleo? Ni urembo tu?"

Si urembo. Noleo linalinda kichwa cha mbao, pale pale mirija inapofunguka kuelekea maji. Pia linasogeza uzito. Kipande cha shaba cha milimita 25 kwa 20 kwa 10 kina gramu 42 hivi. Cha aluminiamu ukubwa huohuo hakifiki 14. Vibao viwili vya mpingo vya sentimita 12, unene milimita 8, vina gramu 58 hivi kwa pamoja. Kwa hiyo usishangae noleo dogo likikigeuza kisu kizima. Ukitaka ncha nyepesi inayotii kidole, shaba mbele ya mpini inasaidia. Ukitaka bapa lianguke lenyewe kwa uzito wake, achana na noleo la shaba.

Noleo baya hata hivyo ni baya kuliko kukosa noleo. Likiwa na mwanya na msuka, hata wa unene wa karatasi, linakuwa kikombe. Kisu kisicho na noleo chenye vibao vilivyobana vizuri kitaishi zaidi.

Siku ya gundi

Nieleze jinsi ninavyogundisha, maana ukiijua siku hii moja utajua cha kumuuliza fundi yeyote.

Asubuhi naweka vibao mezani, ndani juu. Upande wa ndani nimeusawazisha juu ya kioo kinene chenye msasa, kisha nimeukwaruza tena kwa msasa namba 80. Gundi inataka pa kung'ang'ania. Msuka nao nimeukwaruza, na nimeutoboa matundu matatu zaidi ya yale ya pini, ili gundi ya kushoto ishikane na ya kulia. Uso wa mbele wa vibao, ule unaotazama bapa, nimeshaung'arisha kabisa. Hapo ndipo utamtambua anayejua kazi: baada ya kugundisha, uso huo haufikiki tena bila kukwaruza bapa. Ukiona kisu chenye mikwaruzo ya tupa mbele ya vibao, mtu alisahau, akajaribu kurekebisha.

Naandika tarehe ndani ya kibao kimoja kwa kuchora kwa ncha ya sindano. Penseli asetoni inaifuta. Bapa nimelifunga kwa utepe. Napangusa kila kitu kwa asetoni, navaa glavu mpya, na kuanzia hapo sigusi ndani kwa kidole, kwani alama moja ya mafuta ya ngozi ni mahali gundi itakapoachia.

Gundi ni epoksi ya saa 24. Ile ya dakika tano naiweka kwa ajili ya kuunganisha vikombe. Inakuwa ngumu kabla hujapanga mambo na haivumilii sana maji wala joto. Napaka pande zote mbili, nje ya matundu na ndani ya matundu, napitisha pini, kisha nabana kwa klampu. Nabana kiasi cha gundi kutoka ukingoni kama uzi, basi. Ukikaza kwa nguvu zote unaikamua yote, unabaki na mbao kavu juu ya chuma kikavu. Hili lilinigharimu visu vitano kabla sijaelewa. Nilidhani gundi ilikuwa mbovu.

Gundi iliyochuruzika mbele naifuta wakati huohuo kwa kijiti cha mianzi na pamba yenye spiriti. Kisha natoka karakanani na kufunga mlango, vinginevyo nitaigusa.

Kisu hakionji maji kabla ya siku saba.

"Nitajuaje kisu nilichopokea kimeungwa vizuri?"

Pitisha ukucha kuvuka mshono, usinase. Kisha chukua pamba yenye spiriti, pangusa mshono wote, halafu ufute juu kwa kitambaa kikavu na utazame. Spiriti hukauka upesi juu ya uso. Pale penye mwanya inabaki mstari mweusi uliolowa kwa sekunde kadhaa. Fanya hivyo mbele penye bapa, mgongoni, na kuzunguka kila pini. Mstari ukionekana, rudisha kisu siku hiyohiyo. Visu vyangu navipima hivyo kabla ya kufunga mzigo, na wapo wateja wawili watatu waliokuta nilichokosa. Niliwashukuru, japo si siku ileile.

"Mkono wangu mkubwa."

"Mkubwa" hainisaidii. Pima upana wa kiganja penye mizizi ya vidole vinne, bila dole gumba, ongeza sentimita mbili na nusu mpaka tatu. Huo ndio urefu wa mpini. Kiganja cha sentimita 9 kinataka mpini wa 11.5 au 12. Kwa unene, shika vijiti au mipini uliyonayo nyumbani mpaka upate ule ambao ncha za vidole zinakaribia kiganja bila kukichoma, kisha zungusha uzi na unitumie mzunguko wake. Mpini uliokatwa ukawa duara kabisa unageuka mkononi ukilowa, hivyo karibu kila mara natengeneza umbo la yai, ili mkono ujue makali yanaelekea wapi hata gizani.

Ukitumia mkono wa kushoto, sema. Mpini wenye tuta upande mmoja, kama ule wa visu vingi vya Kijapani, ukitengenezwa wa kulia utakuudhi maisha yake yote.

"Nipake mafuta gani?"

Mpini wa mbao: mafuta ya kitani, tone moja kwenye kitambaa, sugua mpaka mkono upate joto, acha nusu saa, futa yote yasiyoingia. Mara tatu au nne kwa mwaka yanatosha. Juu yake nta ya nyuki kama unapenda mguso wake. Mafuta yako ya kupikia usiyapake. Mengi hayakauki, yanabaki yakinata na kuchacha. Pembe inapenda kidogo tu ya mafuta hayohayo. Micarta na G10 zinataka sabuni na mswaki.

Kitambaa cha mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na ndani ya kitambaa kilichofinyangwa joto halina pa kwenda. Pipa langu liliwahi kufuka moshi saa tatu baada ya kazi, hakuna aliyewasha chochote. Tandaza kitambaa nje mpaka kikauke kikawa kigumu, au kizamishe majini.

Mashine ya kuoshea vyombo: hapana, kwa mpini wowote. Mvuke wa saa nzima unalainisha gundi huku sabuni ikila shaba.

"Kibao kimelegea, nifanyeje?"

Usidondoshee gundi ya haraka kwenye ufa. Unafungia maji ndani pamoja na kutu, na mimi nitakuja kufanya kazi mara mbili. Kama kimelegea kidogo, kikaushe siku kadhaa penye upepo, si juani, na ukilete.

Kama unataka kukifanya mwenyewe, funga bapa kwa utepe mnene, toboa pini kwa keketo dogo kuliko pini yenyewe mpaka ibaki gamba, ulisukume nje. Vibao vikikataa kutoka, pasha msuka joto kidogokidogo kwa bomba la hewa ya moto, bapa likiwa limefungwa kwa kitambaa kilicholowa. Epoksi nyingi hulegea kabla chuma hakijafika joto la kukiharibu. Makali yakianza kubadilika rangi kuelekea manjano, acha papo hapo, umekaribia kuua ugumu wake. Sugua kutu yote mpaka chuma kiwe kijivu safi. Mbao iliyofanya weusi ndani ipe wiki mbili za kukauka na uipime uzito kama nilivyosema. Pini mpya ziwe za kipimo kilekile au kubwa kidogo, matundu yasafishwe upya, na kuanzia hapo fuata siku ya gundi.

Ukiniletea mimi, lete na vibao hata kama vimevunjika vipande vitatu, na utaje kisu kilikuwa kinalala wapi. Ndani kuna tarehe niliyoichora, nayo hunisaidia kujua ni gundi ipi niliyotumia wakati huo.